Dawa Inakwenda Kukaa Wapi? Makazi ya vipokezi katika sinapsi za ubongo

Usiku mmoja wa masika, jirani yetu hapa Mbagala alinigongea mlango akiwa amembeba mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa, amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Degedege. Tukasimama barabarani mvuani mpaka bajaji ikapatikana, tukafika kituo cha afya, muuguzi akampa diazepamu kwa njia ya haja kubwa. Haikuchukua muda, viungo vikalegea na pumzi ikatulia. Bibi akajitupa kwenye benchi, kanga imelowa chapachapa, akanigeukia.

"Mwalimu, dawa imeingilia chini, na ugonjwa uko kichwani. Sasa huko kichwani inakwenda kukaa wapi?"

Nimefundisha famakolojia miaka mingi, na wanafunzi huniuliza dawa inafanya nini. Yeye aliuliza wapi. Nilimwambia, "Bibi, inakwenda ubongoni kutuliza neva," akanyamaza. Alininyamazia kwa heshima, maana jibu lile halikuwa la swali lake. Makala hii ni jibu ninalodaiwa.

Tuanze na sehemu yenyewe. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na hazikuungana kama nyaya za umeme zilizosokotwa. Seli moja inapokutana na nyingine pana upenyo katikati, na makutano hayo ndiyo yanayoitwa sinapsi, jina lililoletwa na Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1897. Upenyo wenyewe una nanomita 20 hivi. Ndani ya unene wa unywele mmoja ungeweza kupanga penyo kama hizo zaidi ya 2,000.

Mkazi wa Dar es Salaam anayetoka Kivukoni kwenda Kigamboni kwa pantoni tayari anaijua picha hii. Barabara inafika kwenye maji, inaishia hapo. Abiria anashuka, anavuka kwa kivuko, na ng'ambo anapokelewa na bajaji, bodaboda na daladala zinazompeleka anakokwenda. Ubongoni ni hivyo hivyo. Ujumbe unasafiri kwa umeme hadi ncha ya seli. Pale ncha, vifuko vidogo vyenye kemikali vimepanga foleni gatini. Umeme ukifika, vifuko vinapasuka, kemikali inavuka upenyo, na ng'ambo inapokelewa na protini zilizochomekwa kwenye utando wa seli ya pili. Protini hizo ndizo vipokezi.

Michoro tuliyosomea wengi wetu inaishia hapo: vikombe vitano sita vimepangwa kwa usawa ng'ambo ya pili, na vidoti vinadondokea ndani. Mchoro huo umetufundisha mengi, lakini unaficha jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Vipokezi havijapangwa kwa usawa. Kila aina ina makazi yake, na kazi ya kipokezi inategemea makazi hayo sawa na inavyotegemea umbo lake. Protini ile ile ukiihamisha nanomita mia kadhaa tu, inakuwa inasikiliza habari nyingine kabisa.

Tazama gati la Kigamboni pantoni inapotia nanga. Bajaji iliyoegeshwa mkabala kabisa na mlango inapata abiria kila pantoni inapofika, hata kama imebeba watu kumi. Iliyoegeshwa mbali kidogo, kule kwenye kona, inasubiri siku ambayo pantoni zimefuatana na watu wamefurika hadi kufika huko. Dereva wa kwanza anakuambia kwamba pantoni imefika. Wa pili anakuambia kwamba leo kuna msongamano. Zote ni bajaji. Kinachotofautisha habari zao ni maegesho.

Sinapsi nyingi zinazochochea seli ubongoni hutumia kemikali iitwayo glutamati. Upande wake wa kupokea, hadubini ya elektroni inaonyesha bamba zito, jeusi, lililoshonana protini tupu, upana wake nanomita 300 hivi kwa kawaida, na mara nyingi limekaa kichwani mwa kinundu kidogo kinachochomoza kwenye tawi la seli. Mwaka 1959 E. G. Gray, akifanya kazi London, alitumia unene wa bamba hili kuzigawa sinapsi za gamba la ubongo makundi mawili. Zenye bamba nene baadaye zikajulikana kuwa za kuchochea, na zenye bamba jembamba kuwa za kutuliza. Mgawanyo huo tunautumia hadi leo.

Ndani ya bamba hilo nene kunakaa vipokezi vya glutamati viitwavyo AMPA, ambavyo ndivyo wachapakazi wa kila siku. Kifuko kimoja kinapopasuka, glutamati kwenye upenyo hupanda ghafla kisha hushuka katika muda wa milisekunde moja hivi, kwa kuwa inatawanyika na kufyonzwa na seli za jirani. Kipokezi cha AMPA hakishtuki kwa glutamati iliyokonda. Kinataka iwe nyingi, kwa mpigo. Kwa hiyo kilichokaa nanomita mia moja tu kando ya pale kifuko kilipopasukia kina nafasi ndogo zaidi ya kufunguka kuliko kilichokaa mkabala.

Ndiyo maana vipokezi hivi havikutapakaa bambani. Vimejikusanya katika vikundi vidogo sana, na mwaka 2016 watafiti wa Maryland, Marekani, wakitumia hadubini zinazoona kupita kikomo cha kawaida cha mwanga, walionyesha kwamba vikundi hivyo vimekaa mkabala na mahali hasa ambapo upande wa pili hupasua vifuko vyake. Gati upande huu, maegesho upande ule, vinatazamana kama nguzo moja iliyokatwa katikati na maji. Nilipoisoma kazi hiyo kwa mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Vitu viwili vilivyotenganishwa na upenyo, kila kimoja kwenye seli yake, na bado vinajua mwenzake yuko wapi.

Havikai hapo milele, hata hivyo. Kipokezi kinaelea kwenye utando kama kitu kwenye mafuta. Maabara ya Daniel Choquet mjini Bordeaux, Ufaransa, ilifuatilia vipokezi kimoja kimoja na kuviona vikizurura nje ya sinapsi, vikiingia, vikinaswa, vikitoka tena. Kinachovinasa ni protini nanga zilizo chini ya utando, na maarufu kati yake ni PSD-95. Sinapsi ikiimarika, mojawapo ya mambo yanayotokea ni kwamba vipokezi vingi zaidi vya AMPA vinanaswa bambani. Timothy Bliss na Terje Lømo walieleza mwaka 1973, kwa majaribio ya sungura yaliyofanyika Oslo, kwamba njia ya neva ikichochewa kwa kasi hubaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi. Wakati huo hawakuwa na namna ya kuona kwamba sehemu ya siri hiyo ni uhamiaji wa protini kutoka pembeni kuingia katikati.

Ziko pia sinapsi ndogo ambazo hazina hata kipokezi kimoja cha AMPA. Zimeumbwa kamili, zina bamba, zina vipokezi vya glutamati vya aina nyingine, NMDA, lakini ujumbe mdogo ukija hazijibu. Huitwa sinapsi bubu. Kipokezi cha NMDA nacho hunasa glutamati, tena kwa urahisi kuliko AMPA, lakini tundu lake limezibwa na chembe ya magnesiamu, na kizibo hicho hakitoki mpaka seli yenyewe iwe imekwisha kuchangamka kwa umeme. Yaani kinafunguka pale tu mtumaji na mpokeaji wanapochangamka pamoja. Kikifunguka kinaingiza kalsiamu. Hata hapo mahali ni kila kitu, kwa sababu kalsiamu haisafiri mbali: inazipata kwanza protini zilizobanana chini ya mlango ule ule, na hizo ndizo zinazoamua kama AMPA waongezwe au wapunguzwe.

Pembezoni mwa bamba, kama ukingo wa sahani, kuna kundi lingine: vipokezi vya glutamati vinavyoitwa mGluR1 na mGluR5. Hivi havina tundu. Vinapoguswa huamsha mlolongo wa kemikali ndani ya seli, polepole. Picha za hadubini zilizopigwa miaka ya 1990 zilivikuta vimejipanga pete kuzunguka bamba, nje kidogo ya AMPA. Hawa ndio bajaji za konani. Ujumbe mmoja mmoja hauwafikii vya kutosha. Ujumbe ukija mfululizo, glutamati inafurika hadi ukingoni, nao wanaamka. Seli moja, kemikali moja, na kwa maegesho tu seli imepata masikio mawili, moja la kusikia neno na jingine la kusikia kelele.

Upande wa kutuma nao una vipokezi, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Mtumaji anahitaji kujua ametuma kiasi gani. Kipokezi cha mGluR7 kinakaa gatini penyewe, pale vifuko vinapopasukia, na kazi yake ni kupunguza utumaji. CB1, kipokezi ambacho bangi hukivamia, kinakaa kwa wingi kwenye ncha za kutuma na kuzinyamazisha. Na ukikaa kibarazani Kariakoo jioni, muuza kahawa akapita na birika lake akigonganisha vikombe, ukachukua kimoja kichungu na kashata, kafeini yake inakwenda kuzuia vipokezi vya kemikali nyingine ya ubongo, adenosini. Viko vya aina zaidi ya moja. A1 hukaa kwa wingi kwenye ncha za kutuma, akiwa breki. A2A, katika eneo la ndani la ubongo linalosimamia mwendo, hukaa zaidi upande wa kupokea. Kikombe kimoja, molekuli moja, anwani mbili.

Sasa turudi kwa mtoto. Degedege ni seli nyingi kupiga kelele kwa pamoja, na kinachozituliza kwa kawaida ni GABA, kemikali kuu ya kutuliza katika ubongo. Vipokezi vya GABA-A ni milango ya kloridi. Vikifunguka, seli inakuwa nzito kuchochewa. Vimekaa kwenye sinapsi za bamba jembamba, zikiwemo nyingi zilizo mwilini mwa seli au karibu na shina la matawi, mahali pazuri pa kuzuia kelele zote za matawini kabla hazijafika mwanzo wa aksoni, uzi ambao seli hutumia kupeleka ujumbe wake. Nanga yao ina jina lake, gefirini.

Kipokezi cha GABA-A kimeundwa kwa vipande vitano, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamua kitaishi wapi. Chenye kipande kiitwacho gama-2 kwa kawaida ndicho kinachonaswa sinapsini. Chenye delta badala yake hukaa nje ya sinapsi. Katika serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, vyenye delta vilikutwa kwenye utando wa nje tu, vikinusa GABA kidogo inayobaki ikielea na kuituliza seli muda wote, kidogo kidogo. Diazepamu inajipachika penye kiungo cha kipande cha alfa na gama. Haifungui mlango yenyewe. Inaufanya ufunguke mara nyingi zaidi GABA inapobisha. Penye delta, ambapo gama haipo, diazepamu haina pa kushika. Kwa hiyo jibu la bibi lipo, na lina anwani: dawa ile ilisafiri kwa damu, ikaingia ubongoni, ikaenda kukaa hasa kwenye sinapsi za kutuliza, ubavuni mwa kipokezi, kwenye ufa kati ya vipande viwili.

Wazee wa pwani waliihusisha degedege na ndege apitaye usiku, na ndivyo wengi wanavyolieleza jina lake. Siwacheki. Waliona kitu kinakuja ghafla, kinamkamata mtoto, kisha kinaondoka, na hawakuwa na hadubini.

Kinachonisumbua ni muda, na hapa habari ya makazi inakuwa habari ya uhai. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba mtukutiko, yaani degedege lenyewe, ukiendelea bila kukoma kwa saa moja hivi, vipokezi vya GABA-A vinaondoka sinapsini, vinavutwa ndani ya seli. Katika sehemu iliyopimwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, vilivyobaki vikifanya kazi kwa kila sinapsi vilikuwa takriban nusu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba vipokezi vya NMDA, vya kuchochea, hufanya kinyume: huongezeka utandoni. Breki zinatolewa huku moto ukiongezwa. Diazepamu ikifika wakati huo inabisha kwenye nyumba iliyohamwa. Hii ni sababu mojawapo ya mitukutiko ya muda mrefu kuikataa dawa ambayo mwanzoni ingeitii kwa dozi moja, na ni sababu mabingwa wakati mwingine hugeukia ketamini, dawa ya usingizi inayofahamika sana katika vyumba vyetu vya upasuaji, ambayo huziba vipokezi vya NMDA.

Tumeyajuaje haya, ikiwa kila kitu ni kidogo kuliko mwanga wa kawaida unavyoweza kutenganisha? Kwa subira, na kwa dhahabu. Mtafiti hutengeneza kingamwili inayokitambua kipokezi kimoja tu, kisha anaifungia chembe ya dhahabu ya nanomita tano au kumi. Kipande chembamba cha ubongo kikiwekwa chini ya hadubini ya elektroni, kila dhahabu inaonekana kidoti cheusi. Vidoti vinahesabiwa, umbali wa kila kimoja kutoka ukingo wa bamba unapimwa, kimoja kimoja, sinapsi baada ya sinapsi. Kingamwili zenyewe zina urefu, kwa hiyo kidoti kinaweza kukaa nanomita 20 au zaidi kando ya kipokezi. Ndiyo maana huhitajika vidoti vingi mno kabla mtu hajasema kitu.

Na bamba lile zito ni kikwazo. Limebanana hivi kwamba kingamwili haipenyi, hasa tishu ikishakazwa kwa dawa za kuhifadhia. Kwa mbinu za kawaida, vipokezi vilionekana vizuri kila mahali isipokuwa pale vilipo vingi zaidi. Njia mojawapo ya kutoka hapo ilikuwa kuimeng'enya tishu kidogo kwa pepsini, kimeng'enya kile kile cha tumboni, mpaka bamba lifunguke. Nyingine ni kuigandisha tishu, kuipasua ili utando wenyewe uachane katikati, na kuutazama kwa juu kama ramani ya mtaa.

Nasisitiza pia umri wa ubongo unaotazamwa. Picha nyingi nzuri za vipokezi zinatoka kwenye seli za vijusi vya panya zilizokuzwa kwenye sahani kwa wiki mbili au tatu. Zimetufaa sana, lakini hiyo si nyumba iliyokwisha kujengwa. Katika ubongo mchanga, vipokezi vya NMDA vina kwa wingi kipande kiitwacho GluN2B. Ubongo ukikomaa, GluN2A huongezeka sinapsini na mlango unajifunga haraka zaidi. GABA yenyewe, katika ubongo wa mwanzo kabisa, mara nyingi huchochea badala ya kutuliza, kwa kuwa kloridi imejaa ndani ya seli. Mtoto wa miaka minne alikwisha kuvuka hatua hiyo, ndiyo maana dawa ilimtuliza. Anayetaka kujua ubongo wa mtu mzima umepangwaje hana budi kuutazama ubongo wa mtu mzima, au wa mnyama aliyekomaa, pamoja na ugumu wake wote.

Upo ugonjwa unaoonyesha gharama ya kipokezi kuhama kuliko maelezo yoyote. Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA. Kingamwili hizo huvifunga viwili viwili, na seli huvivuta ndani. Vimeondolewa mahali pake. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke kijana, anaanza kuona na kusikia yasiyokuwepo, anapata mitukutiko, midomo na mikono inachezacheza yenyewe. Mitaani kwetu ni rahisi aambiwe ana majini, na siku zinapita. Kingamwili zikipunguzwa kwa matibabu, vipokezi hurudi kwenye bamba taratibu, na wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa.

Wiki moja baada ya usiku ule nilikwenda kwa bibi na karatasi ya kalenda ya zamani. Mjukuu alikuwa uani, anakunywa uji. Baada ya shikamoo na marahaba nilichora nyuma ya karatasi: maji katikati, gati huku, maegesho kule, na ubavuni mwa kipokezi kimoja nikaweka doti nyekundu. Aliitazama sana. Akaweka kidole juu ya doti.

"Kumbe ilikaa hapa."

"Hapo hapo, bibi."

Kidole hakikuondoka. "Na zile dakika tulizosimama barabarani?"

Nilimweleza kwamba degedege fupi la homa kwa kawaida hukoma lenyewe bila kuacha kitu, na mjukuu wake yuko salama. Nikamweleza pia kwamba likipita dakika tano halisubiriwi, linakimbiliwa. La usiku ule, kwa saa ya simu yangu, lilikaribia dakika kumi na mbili.

Akanyamaza. Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akanipa nimsomee. Juu kabisa ya orodha, kabla hata ya majina ya wanawe, alikuwa ameshaandikiwa na mtu: *Bajaji Usiku*.